Mama wa Meza ya Dirishani

Wewe, uko hewani? Kaa kwanza.

Unakumbuka nilivyowaaga, nasafiri peke yangu nikajitafute? Nimefika jana. Asubuhi hii nashuka ukumbi wa chakula hotelini, nani yuko meza ya dirishani na kitabu?

Mama.

Mama yangu mzazi! Aliyetuambia anakwenda semina ya akina mama.

Nikamwuliza, "Mama, unafanya nini hapa?"

Akafunga kitabu taratibu. "Napumzika."

"Na nani?"

"Na mimi mwenyewe. Mwaka wa sita huu."

Mwaka wa sita, bibie! Semina zote hizo tulikuwa tunampangia nguo na kumsindikiza stendi.

Nikavuta kiti nikae. Akaniangalia kama anamwangalia mhudumu aliyekosea meza.

"Mwanangu, si umekuja peke yako?"

"Ndiyo, mama."

"Basi tafuta meza yako."

Nimetafuta. Nimekaa nimempa mgongo, uso unaniwaka kwa aibu. Halafu nikashindwa, nikageuka kuchungulia. Alikuwa anacheka na kitabu chake.

Ametulea watoto watano. Nina miaka thelathini na moja, na leo ndiyo mara ya kwanza namwona mama akinywa chai ingali moto.