Mistari Miwili Iliyozidi Ukurasa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute salama, wewe, shemeji na wapwa zangu. Kwa mazoea ningesema nasi hatujambo, lakini kalamu inakataa. Mama ni mzima, ila chakula hakimpandi. Baba yuko wodini, leo siku ya tisa.

Kwenye simu Mama alikwambia ni presha tu, maana hakutaka kukutia hofu nawe uko mbali. Mimi nilikuwa pembeni, nikamwacha aseme hivyo. Ukweli ni kiharusi. Mkono wa kulia hauinuki na mdomo umekwenda upande. Daktari anasema atatembea, ila hasemi lini.

Unakumbuka mwaka jana alivyokutwa na lehemu nyingi, yale mafuta ya kwenye damu, akaandikiwa vidonge vya kila siku. Aliviita kokoto. Alisema kumezeshwa kokoto kila jioni ni kugeuzwa kuku uzeeni. Nilipopata ukarani kwenye kituo cha utafiti wa uyoga, alifurahi kuliko mimi. Kila Ijumaa nilimletea mfuko wa uyoga mbichi, Mama akaupika kwa kitunguu, na Baba akawaringia majirani kuwa anakula nyama isiyo na mfupa wala mchinjaji. Alipopimwa tena, lehemu ilikuwa imeshuka kidogo. Sote tukashusha pumzi.

Kumbe baada ya hapo hakumeza tena hata kidonge kimoja. Nesi alipomuuliza sababu, aligusa mfuko wa shati. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya kituo chetu, ile tunayowatilia wanunuzi katika mifuko ya uyoga, imekunjwa mpaka mikunjo imechanika. Nesi aliisoma mara mbili, akasema kwa ukali kuwa aliyeandika haya angeletwa hapa apige deki wodi nzima, labda angejifunza. Akaniuliza kama namfahamu. Nikasema simfahamu.

Dada, niliichapa mimi. Mtaalamu wetu aliandika maelezo kwa mkono, kwamba uyoga waweza kusaidia kupunguza lehemu, na namna ya kuupika bila mafuta mengi. Mwishoni aliweka mistari miwili: huu ni chakula cha kusaidia tu, usiache vidonge bila kumuuliza daktari. Aliagiza yote yaenee upande mmoja wa karatasi. Mistari ile ikaangukia upande wa pili. Ningeweza kupunguza herufi, lakini nilihofia wazee kama Baba hawataona. Nikaifuta. Nilijiambia kwamba hilo nani asiyelijua. Mtaalamu aliitupia karatasi jicho, akanisifu kwa unadhifu, na nakala mia sita zikatoka.

Kesho asubuhi nitamweleza mtaalamu, ili waliopewa karatasi hizo watafutwe kabla hawajamfuata Baba wodini. Kazi najua nimeipoteza. Ninachoogopa zaidi ni Baba. Mama aliniambia jana kwamba alipomsihi asiache vidonge, alimjibu kuwa daktari ni mtoto wa watu, ila karatasi hii imetoka kwa mwanawe.

Leo mchana daktari alimuuliza nani atamsimamia dawa zake akirudi nyumbani. Baba hakufikiri hata kidogo. Alinigeuzia macho, akajaribu kucheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Nimeitikia, Dada.

Wasalimie wote hapo, na shemeji umsomee barua hii ukiona inafaa. Tuombeeni.

Ni mimi, mdogo wako wa mwisho