Kasi ya Nyota za Pembeni

Kiriba, Musoma
4 Agosti 1983

Mwanangu Alfonce,
Salamu nyingi. Sisi tu wazima kiasi, ila mama yako Ursula ana uvimbe tumboni. Hospitali wamesema hana muda mrefu. Sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai, lakini hilo si neno. Kila asubuhi anakuuliziaga, kama vile uko njiani: "Alfonce amefika Bunda?" Njoo akuone.
Baba yako,
Stanislausi

Marekani
20 Septemba 1983

Shikamoo Baba,
Barua imeniliza. Mpe Mama pole. Lakini nisikilize. Jua letu na nyota zote hizi zinazunguka pamoja; kundi hilo ndilo galaksi. Mimi na profesa wangu tunapima zile za pembeni kabisa zinakwenda kasi gani. Tulitegemea ziende polepole, kumbe zinakimbia sawasawa na za ndani! Upande huo wa anga unapimika vizuri wakati wa baridi ya huku tu, na zamu yetu ya darubini ni Desemba. Nikiondoka atapewa mwingine. Mama anisubiri hadi Januari.
Mwanao,
Alfonce

Kiriba
11 Novemba 1983

Mwanangu,
Salamu. Nimemsomea mama yako barua. Akauliza, "Hizo nyota zinakimbilia wapi?" Sasa hali chakula. Anakaaga mlangoni akitazama njia. Dada yako Gati anamlisha kwa kumshika taya. Nakuuliza mara ya mwisho: unakuja, au huji?
Baba yako

Marekani
15 Januari 1984

Shikamoo Baba,
Hamjambo wote? Tumepata! Hata kule mwisho kabisa kasi haipungui. Kuna kitu kizito kisichoonekana kinachozishika nyota hizo. Tumeongezewa zamu Februari ili tuhakikishe. Nakuja Machi, tiketi ninayo. Mwambie Mama avumilie kidogo tu.
Mwanao

Kiriba
9 Februari 1984

Alfonce,
Sisi wazima. Usije.
Desemba mama yako alikuwa anakufa kwa kukungoja. Nikamwambia umekufa, gari limekugonga, wamekuzika huko huko. Alilia, watu wakajaa, tukakaa matanga, akanyoa nywele. Padri alikusomea misa. Halafu Gati akajifungua mtoto wa kiume, mama yako akampa jina lako. Anashinda naye mapajani. Uvimbe upo, lakini anakula. Juzi nimemsikia anacheka.
Gati anajua, na mimi, na Mungu. Ukitokea pale mlangoni utamuua. Barua zako nyingine nitazitia motoni bila kuzifungua.
Baba Gati