Maji Yaliyobaki Ndani ya Injini

Houtskär, Novemba

Kaka yangu mpendwa Valter,

Pokea salamu zangu nyingi, na za wote nyumbani isipokuwa paka, ambaye hana habari na mtu. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kitandani na si umelala, na kwamba moyo wako umerudia kupiga inavyotakiwa. Muuguzi aliniambia kwenye simu kwamba unailalamikia supu ya hospitali. Nilifurahi mno, maana anayelalamikia supu hana haraka ya kufa. Sisi huku hatujambo. Baridi imeshika kweli kweli, na ghuba imeanza kuganda kandokando.

Najua unachotaka kusikia kwanza, basi chukua kabla hujaanza kufoka: injini ya boti yako Tärnan ni nzima. Lakini haikupona kwa maelekezo yako, na ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu ungenikatiza.

Siku ulipoanguka pale kwenye winchi, boti ikiwa ndiyo kwanza imepandishwa nchi kavu, sikuiwaza Tärnan hata kidogo. Nilikuwaza wewe. Ilikuwa Jumamosi, redio ilipotangaza kwamba usiku huo baridi itashuka hadi nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri, ndipo nilipokumbuka kwamba injini yako bado ina maji ya bahari tumboni. Maji yakiganda mle, chuma kinapasuka. Na bila boti huwezi kukaa kwenye kile kisiwa chako peke yako; ungehamishiwa nyumba ya wazee huko mjini, nawe ulishaapa kwamba huko utakwenda ukiwa maiti.

Nilimwomba mume wangu Alarik aje nami. Alisema nikuulize wewe mwenye boti kwanza. Unakumbuka ulivyonijibu. Ulisema yule mtu wa bara asiiguse injini yako hata kwa ukucha, ameshaua moja na inamtosha. Ulipiga kelele hadi muuguzi akakunyang'anya simu, lakini si kabla hujanipa maelekezo ya baba: tumbukiza mpira wa kuvutia maji kwenye ndoo ya ile dawa ya pinki ya kuzuia kuganda, washa, na pinki ikitoka kwenye ekzosi, zima, kazi imekwisha.

Basi nikaenda peke yangu. Runar, yule mlinzi wa bandari, alinikuta nimepiga magoti nimepakaa grisi hadi masikioni, akaniuliza kama nimeachika na sasa natafuta kazi ya ufundi. Nilimwambia aache domo, asimame nyuma ya boti aangalie ekzosi. Nikawasha. Injini ilikohoa, ikanguruma, ndoo ikaanza kukauka mbele ya macho yangu, na mara nikamsikia akipaza sauti, "Pinki, mama! Zima, pinki hiyo!" Nikazima. Tukanywa kahawa yake chungu, nami nikarudi nyumbani najiona nahodha.

Nilimsimulia Alarik huku nikinawa mikono. Aliuliza swali moja tu: je, injini ilipata moto? Nilimwambia ingepataje moto, ndoo imekwisha kufumba na kufumbua, na bomba la maji la bandarini lilishafungwa kwa ajili ya majira ya baridi. Alivaa buti, akachukua tochi, spana na kipande cha waya, akasema anakwenda kunyoosha miguu.

Kaka, nani hunyoosha miguu na spana? Nitakuambia nilivyofikiri, hata kama ni aibu. Nilifikiri anakwenda kukuharibia. Miaka tisa umemtukana mbele za watu. Ile siku ya kushusha maboti, injini ya baba ilipokutwa imepasuka, na ikajulikana kwamba Alarik ndiye aliyemsaidia baba msimu ule, ulisema kila mtu akisikia, "Mtu wa bara mpe jembe, usimpe injini!" Bandari nzima ikacheka. Baba alisimama pale pale, asiseme neno. Nilijiambia kwamba leo mume wangu amepata nafasi yake, nikamfuata gizani, nikijiuliza nitasimama upande wa nani.

Nilipofika, turubai lilikuwa limefunguliwa. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya injini yako, tochi mdomoni, mkono umezama hadi begani upande wa nyuma. Nilipiga ukelele, "Alarik, unafanya nini humo?" Akaitoa tochi mdomoni akaniambia kwamba kama nimekuja kupiga kelele nirudi nyumbani, na kama nimekuja kusaidia niishike hiyo tochi.

Niliishika. Alikuwa amefungua koki ndogo ya kumwagia maji, ile ya chini kabisa kwenye bloku, mwili wa chuma wa injini, lakini hakikutoka kitu. Nikamwambia unaona, hamna maji, twende zetu. Alisema maji yamo, njia imezibwa na kutu, na yameanza kuganda. Akavua glavu. Alichokonoa kwa waya, akapuliza vidole, akachokonoa tena, ngozi ikigandia chuma na kubanduka. Nilimsikia akiisihi injini kwa sauti ya chini, "Toka basi, toka." Sijawahi kumwona mume wangu akiogopa vile. Kisha ikasikika kama chafya, na maji yakaruka.

Valter, yalikuwa maji ya bahari matupu, yenye vipande vya barafu. Yalijaza ndoo. Hapakuwa na tone la pinki.

Alinieleza huku akikaza meno. Ndani ya injini mna kilango kidogo kinachofunguka injini ikishapata moto. Ikiwa baridi, kilango kimefungwa, dawa inazunguka pembeni na kutoka ekzosi, wewe unashangilia pinki, na bloku imebaki imejaa maji. Nikamuuliza, mbona injini ya kaka haijapasuka miaka yote hii? Akawa anafunga turubai. Ndipo nikakumbuka kwamba mkono wake ulikwenda kwenye ile koki bila kutafuta, kwenye boti ambayo hajawahi kualikwa kupanda.

Nilimbana pale pale, na akasema. Kila mwaka, ukishamaliza kazi yako na kwenda zako, yeye huja akaifungua. Na kila mwaka kabla hujashusha boti huja akaifunga. Injini ya baba aliijaza dawa baba mwenyewe, ikiwa baridi. Alarik alimwambia haijapata moto, baba akamjibu kwamba kijana wa shamba hamfundishi yeye bahari, akamtuma akafunge turubai. Siku ile ulipomtukana, jioni baba alikuja kwetu, akakaa jikoni, akashindwa kuomba alichokuja kuomba. Alarik akamwambia anywe kahawa yake, maneno yamekwisha.

Nilimuuliza kwa nini hakukuambia baada ya mazishi ya baba. Alisema ungepoteza baba mara ya pili. Nililia, kaka, pale juu ya ngazi ya boti, na sioni haya kukuambia.

Aliniapisha nisikuambie. Nimevunja kiapo, naye anajua, kwa sababu nimemsomea barua hii kabla ya kuifunga. Alikasirika, akatoka kupasua kuni ambazo hazihitajiki. Lakini vidole vyake vimefungwa bandeji, na mimi nimechoka kukaa meza moja na mtu anayebebeshwa kosa la baba yangu.

Sasa nisikilize. Ile koki iko wazi. Ukishusha Tärnan majini na kuwasha injini koki ikiwa wazi, bahari itamiminika ndani ya boti. Nimemkataza Alarik asiifunge tena kwa kujificha, na mimi sitakuelekeza iko wapi. Itabidi umuulize shemeji yako.

Tutakuja wote wawili Jumapili kwa feri ya asubuhi, na mkate mweusi na samaki wa kuvuta moshi, ili usahau hiyo supu. Wagonjwa wenzako wasalimie, na muuguzi umwombe radhi.

Ni mimi dada yako anayekupenda hata unapokuwa mkaidi,

Disa