Nadhiri ya Bibi na Jibu Lako

Leokadia mwanangu,

Hapa Izia, Sumbawanga, baridi imeanza. Mama yako amevaa masweta mawili na anaisema Ufipa vibaya, kana kwamba kwao Mbeya watu hulala nje. Wewe uko Kipili, kando ya ziwa, ambako naambiwa masista mnafungua madirisha usiku kucha kwa joto. Uliniruhusu niandike habari zako hadharani kwa sharti moja, kwamba nisipambe. Nimekuwa mwandishi wa habari karibu maisha yangu yote ya utu uzima, na sharti hilo halinisumbui.

Naandika kwa sababu habari yako inazunguka mjini ikiwa na kosa. Juzi sokoni mwanamke mmoja wa parokiani alinishika mkono akaniambia, "Hongera, mzee. Bibi aliweka nadhiri, Mungu akaipokea, mtoto akawa sista." Nikamwambia kuna sehemu ameiruka. Akauliza, sehemu gani? Nikamwambia, "Mtoto."

Nianze na yale ambayo huwezi kuyakumbuka. Uliugua nimonia ukiwa bado unatambaa. Tulikuwa Mwimbi kwa bibi yako, mama yangu mzazi, wakati wa mavuno. Mganga wa zahanati alikuchoma sindano akatuambia tusubiri. Bibi hakusubiri. Alitoka uani, akasimama katikati ya maharage yaliyoanikwa, akasema kwa sauti ambayo majirani waliisikia: "Mungu, mwache huyu. Ukimwacha, ni wako. Atakuwa sista." Kesho yake asubuhi ulinyonya.

"Na sindano je, mama?" mama yako aliuliza, kwa adabu zote za mkwe.

"Na huyo mganga, nani alimweka pale zahanati?"

Mama yako akaendelea kukunyonyesha. Mimi swali hilo ninalo mpaka leo.

Tangu siku hiyo ukawa na jina la pili. Ukipanda mti, Mwimbi nzima ilikupigia kelele: "Sista, shuka!" Ukigombana na wenzako walikuuliza kama masista huwa wanang'ata. Ulizoea. Lakini siku moja, ukiwa darasa la nne au la tano, mlikuwa mnapalilia maharage wewe na bibi, nami nimekaa kwenye tuta nikikaza mpini wa jembe. Ukauliza bila kuinua kichwa:

"Bibi, na nikikataa?"

"Utakataaje jambo ambalo Mungu ameshalipanga?"

"Kama alishalipanga, wewe ulimwahidi nini sasa?"

Bibi alinyoosha mgongo. Akakutazama, kisha akanitazama mimi, kana kwamba swali nimelitunga mimi. "Palilia, mke mwenzangu," akasema. "Tuta lako limejaa magugu."

Nimehoji wakuu wa wilaya, maaskofu na wezi wa ng'ombe. Sijawahi kusikia swali lililoulizwa vizuri kuliko lile.

Uliingia utawani ukiwa na furaha. Hilo niliseme wazi, maana wapo wanaodhani ulisukumwa kama ng'ombe wa mnadani. Ulipenda sala, ulipenda kazi, ulipenda wenzako. Shida ilikuja ilipobaki muda mfupi uweke nadhiri zako za kwanza. Mlezi wa manovisi, yule sista anayewaandaa wanaotaka kuweka nadhiri, alikuita ofisini, akakuuliza swali ambalo kila anayefika hapo huulizwa: umekuja kwa hiari yako? Ulinisimulia mwenyewe kwamba jibu lilikuwa mdomoni mwako tangu utoto, na ndiyo sababu lilikataa kutoka.

"Sista, sijui," ulimwambia. "Sijawahi kuwa mahali ambapo ningeweza kusema hapana."

Yule mlezi hakukukemea. Alikwambia, "Basi nenda mahali hapo kwanza." Sijapata nafasi ya kumshukuru vya kutosha.

Ukaja nyumbani Izia kwa bodaboda, begi limefungwa nyuma. Bibi alikuwa ameshafika kutoka Mwimbi kwa ajili ya maandalizi ya sherehe ya nadhiri. Alikukuta mlangoni.

"Umefukuzwa?"

"Hapana, bibi. Nimeondoka."

"Mtu haondoki kwa Mungu."

"Sijaondoka kwa Mungu. Nimeondoka bwenini."

Watu walisema sana. Mjini kwetu, binti akitoka utawani lazima nyuma yake awepo mwanaume au mimba. Walitafuta, wakakosa, na hilo likawaudhi zaidi. Wewe ulipata kazi kwenye duka la pembejeo, ukiwaelekeza wakulima kipimo cha mbolea na nafasi kati ya shimo na shimo. Jumapili ulikwenda misa kama muumini mwingine, ukakaa benchi la nyuma, ukapokea salamu za nusu mdomo, ukazijibu kwa mdomo mzima.

Lakini kilichomsumbua bibi hakikuwa maneno ya watu. Alikuwa na hofu. Aliamini kwamba uhai wako ulitolewa kwa masharti na sasa masharti yamevunjwa. Ukikohoa, alifanya ishara ya msalaba. Ulipopata malaria mwanzoni mwa mvua, alikaa mlangoni pa chumba chako na rozari, akakataa chakula. Ulijikongoja hospitali, ukapimwa, ukameza dawa, ukapona. Nilidhani hapo atatulia.

"Amekuongezea muda tu," alisema.

Mazungumzo yaliyofuata nayakumbuka neno kwa neno, kwa sababu nilikuwepo jikoni na chai yangu na hakuna aliyenijali. Mlikuwa mnachambua maharage. Ukamwambia:

"Bibi, ulimpa Mungu kitu ambacho si chako."

"Wewe si mjukuu wangu?"

"Mjukuu, ndiyo. Siyo mbuzi."

Mama yako aligeukia ukutani, mabega yakitikisika. Bibi hakucheka. "We mtoto," akasema, "mimi nilikuwa natafuta uzima wako. Miguu ilishaanza kuwa ya baridi. Ulitaka nimwambie nini?"

"Ulimwambia vizuri, na alikusikia, na nakushukuru. Ila hakuchukua rehani, bibi. Siyo kawaida yake."

"Na mimi niliyeahidi? Nimwambie nini sasa?"

"Mwambie aniulize mwenyewe. Anajua ninapofanya kazi."

Bibi aliondoka kesho yake kurudi Mwimbi bila kuaga vizuri. Ulimsindikiza mpaka stendi hata hivyo, ukambebea mzigo wake. Nilikutazama ukirudi peke yako, uso umekauka kwa upepo. Nikajua kwamba ile hapana ilikuwa na bei, na kwamba ulikuwa tayari kuilipa kila siku kuliko kusema ndiyo ya kukariri. Siku hiyo nilijivunia kuwa baba yako, na ukumbuke kwamba siku hiyo hukuwa sista wa mtu yeyote.

Misimu miwili ya kilimo ikapita. Kisha asubuhi moja, unafunga kamba za viatu uende dukani, ukasema, "Nataka kurudi." Nilikuuliza kama ninavyomuuliza mtu yeyote.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna."

"Bibi?"

"Bibi hajui."

"Mungu?"

Ukafikiri kidogo. "Mungu nilikuwa namsikia muda wote, baba. Niliyekuwa simsikii ni mimi."

Tulimpigia bibi simu. Alipiga kigelegele kilichoumiza sikio. "Si nilisema? Mungu hashindwi!" Mama yako akaichukua simu mkononi mwangu. "Shikamoo, mama. Ni kweli, hajashindwa. Ila mtoto naye hajashindwa. Hawakuwa wanashindana." Bibi akakata simu; sisi tukadhani salio limekwisha.

Nikwambie ninavyolifikiria jambo hili, maana uliniuliza zamani nami nikakwepa. Kazi yangu imenifanya niwe mgumu mbele ya maneno "mapenzi ya Mungu". Nimeyasikia kwenye misiba ya ajali ambako sote tulijua breki za gari zilikuwa mbovu. Nimeyasikia kwa ndugu wa mama aliyejifungulia njiani kwa sababu barabara haikutengenezwa. Mara nyingi ni maneno ya kumfichia mtu. Lakini pia nimesimama kwenye shamba la mzee mmoja aliyefanya kila kitu sawasawa, akapanda kwa wakati, akapalilia, kisha mvua ya mawe ikapita juu ya shamba lake na kuliacha la jirani. Huyo huwezi kumwambia kwamba kila kitu kiko mikononi mwake.

Mpaka kati ya hayo mawili sijui unapita wapi, na simwamini anayedai kuuona. Ninaloweza kulisema ni hili. Mungu anayehubiriwa kwetu angeweza kukuchukua tu; uwezo huo anao. Badala yake alingoja binti muuza mbolea amalize kufikiri. Kuweza, na kungoja hata hivyo: mimi ukuu mkubwa kuliko huo sijauona, si ikulu wala kanisani.

Sasa nije kwenye siku yenyewe ya nadhiri zako, maana kuna jambo hukuliona.

Ulikuwa umesimama kwenye njia ya katikati, mbele kidogo ya benchi letu, mshumaa mkononi, unatazama altare. Familia za wenzako zilikuwa zimeshapita, zinacheza, zinawasindikiza mabinti wao na kuwakabidhi. Mwongoza ibada akaita wazazi na ndugu wa Leokadia. Hatukuja. Ulingoja, hukugeuka, kwaya ikarudia kiitikio, kisha ukaenda peke yako. Walioketi upande wa pili walisema familia imegoma. Wapo wanaosema hivyo hadi leo. Baadaye, katika vurugu za wageni na zawadi, hukuuliza, nasi hatukueleza, na wiki ileile ukapangiwa Kipili. Nadhani swali hilo umelibeba mpaka huko.

Jibu lake ni hili. Mwongoza ibada alipoita, wajomba zako walishasimama, na mimi pia. Nikahisi shati linavutwa. Ni bibi, amekaa, kitenge kipya, mikono miwili imenishika.

"Kaa," akasema. "Wote kaeni."

"Mama, tumeitwa."

"Tumeitwa tukamtoe. Mimi nilishawahi kumtoa. Inatosha."

Shangazi yako aliinama juu yake, amekasirika. "Mama, kanisa zima linatutazama!"

"Na litazame. Mwacheni mtoto aende. Ana miguu."

Tukakaa. Nilimwona mama yangu, ambaye tangu ukiwa mtoto alikuwa anasema "nilimtoa" kwa fahari kama mtu anayesema "nilijenga", akikutazama unatembea ile njia ndefu bila mkono wake. Midomo yake ilikuwa inachezacheza. Nilidhani anasali, nikasogea nimsikie. Alikuwa anasema, "Polepole, mke mwenzangu. Gauni refu hilo."

Nimefanya kazi hii muda mrefu na nimeona watu wakiacha vyeo, mashamba na madaraka, wengi kwa kulazimishwa. Bibi yako aliachia kitu kikubwa kuliko hivyo vyote, na hakuna aliyemlazimisha. Kwa hiyo siku ile walioamua kwa hiari yao walikuwa wawili, mwanangu, wewe mbele na bibi nyuma yako. Ninajivunia wote wawili, na ninajivunia kwamba nilikuwa katikati.

Askofu akakuuliza kama umekuja kwa hiari yako. Ulijibu kwa sauti kubwa, sauti ya kumwita mteja kutoka mwisho wa duka. Bibi masikio yake siku hizi ni ya taabu, akanisogelea.

"Amesema nini?"

"Amesema ndiyo, mama. Kwa hiari yake."

Akaitikia kwa kichwa, akatulia. Nilidhani amemaliza. Kisha akanivuta tena.

"Na angesema hapana?"

"Ingekuwa hapana, mama."

Akalifikiria hilo, huku akiweka sawa kitambaa chake cha kichwa.

"Basi nyama ya sherehe tungeila hivyo hivyo," akasema.

Fanya kazi yako vizuri huko ziwani, na ukipata nafasi mpigie bibi simu. Usimwambie kwamba nimeandika.

Baba yako,
Izia, Sumbawanga