Paji la Dada Nyemo

Jumatatu, 4 Agosti. Kongwa.

Picha ya ng'ombe kiganjani imekubali, hatimaye. Siri yake ni umbali. Ng'ombe abaki kule malishoni. Shemeji Yohana asimame karibu nami, anyooshe mkono. Mimi nilale kifudifudi vumbini. Jicho la kamera ni moja tu, halipimi kina kama macho yetu mawili, kwa hiyo ng'ombe mzima anaonekana kasimama juu ya kiganja cha mzee. Programu ya kuhariri niliitumia kukoleza wekundu wa udongo, basi.

Shemeji kaitazama, kacheka mpaka kofia ikaanguka. "Huyu ndiye ng'ombe wa kiangazi, Mwalimu. Hali sana."

Mgongo unauma. Furaha tupu.

Jumanne, 5 Agosti

Niandike kilichonileta kutoka Dodoma mjini, nisije nikakisahau kwa michezo. Dada yangu Nyemo na Shemeji wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Jumapili ya tarehe 17 watabarikiwa kanisani. Walipooana hapakuwa na mpiga picha. Mpaka leo hawana hata picha moja wakiwa wawili.

Dada hajazoea kuomba. Safari hii kaomba: picha moja, kubwa, itundikwe kanisani siku hiyo, kisha ikae ukutani kwake. Nimeahidi. Mwalimu wa fizikia mstaafu, simu mpya, programu tele. Nitashindwaje?

Mchana nimewapiga picha mbele ya nyumba. Shemeji alikuwa akichekesha, Dada akimfinya. Nzuri sana.

Alhamisi, 7 Agosti

Kutwa nzima kuhariri. Nimegundua kitufe cha kupamba sura. Unagusa mara moja, nyuso zinalainika kama mtungi mpya. Kisha nikaondoa rangi picha nzima, nikakirudishia rangi kitenge cha Dada peke yake. Rangi yake ya chungwa inawaka katikati ya weusi na weupe. Nilipiga kelele jikoni, kuku wakatawanyika.

Simu imejaa. Nimefuta picha za mwanzo ili ipumue. Kazi imetumwa duka la kuchapa, Kibaigwa. Najivunia, sifichi.

Jumapili, 10 Agosti

Siku mbaya.

Bango limefika. Tumelikunjua sebuleni baada ya ibada. Dada kalitazama, halafu akaliamkia kwa Kigogo, kama anavyoamkia wageni: "Mbukwenyi!" Akasubiri lijibu. Shemeji akacheka. Nami nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mwanamke huyu katoka wapi? Na mbona kasimama na mume wangu?"

Ndipo nilipoona. Alama ya paji la uso haipo. Lile duara dogo alilochomwa utotoni, kama wasichana wengi wa Kigogo wa rika lake. Kitufe cha kupamba kililidhani chunusi, kikalisafisha. Nami nilikaza macho kwenye kitenge, nisione kilichopungua usoni pa dada yangu.

Mimi sina alama hiyo. Nilipofika umri wa kuchomwa, baba alikuwa amekwisha kunipeleka shule ya bweni.

"Wewe hukuchomwa kwa kuwa ulikuwa shule," akasema. "Sasa unataka tufanane. Haya, mtundikeni huyo. Mimi siendi kanisani."

Akaingia jikoni kupika mlenda. Dada akisema haendi, haendi. Naona aibu.

Jumatatu, 11 Agosti

Picha ya mwanzo haipatikani popote. Nilikuwa nikiwafundisha watoto wa watu: usiifute hesabu uliyokosea, ipige mstari uiache ionekane. Mwenyewe nimefuta.

Nimejaribu kuichora alama kwa kidole ndani ya programu. Imekuwa kama kifungo cha shati. Nimeiacha.

Nimemwomba radhi Dada. Kaitikia, "Yamekwisha." Nikainua simu. Akageuza uso. Kumbe hayajakwisha.

Shemeji: "Mwalimu, ukinikosesha bibi harusi, shela utavaa wewe." Nimecheka kwa mdomo tu.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeacha kubembeleza. Nafanya jaribio.

Swali: hata Dada akikubali kupigwa tena, alama itaonekana? Ni ya zamani, kina chake kidogo. Katika picha ya mchana ilikuwa hafifu tangu mwanzo, ndiyo maana programu ikaimeza kwa urahisi. Nimeazima kibuyu cha maziwa cha Dada, kile chenye michoro iliyochomwa kwa chuma cha moto. Nimekiweka juu ya kigoda uani. Nakipiga picha asubuhi, mchana, jioni.

Mchana jua humwagika kutoka utosini, michoro inafifia. Jioni jua hupita ubavuni. Ukingo mmoja wa mchoro unashika mwanga, wa pili unashika kivuli, na mstari unainuka wenyewe. Huhitaji kitufe chochote. Ni kama mkwaruzo ubaoni: ukisimama mbele huuoni, ukienda pembeni unauona.

Dada anapepeta karanga kizingitini, anajifanya hanioni. Leo nilipotambaa kukizunguka kibuyu, nimesikia akiguna. Ni guno la mtu anayezuia kicheko. Namjua.

Ijumaa, 15 Agosti

Jioni nilikuwa nimepiga magoti tena. Upepo ukakiangusha kibuyu. Nikakisimamisha. Kikaanguka. Nikakikaripia kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza.

"Toa kibuyu hicho," Dada akasema. "Hakijui kukaa."

Akaketi yeye. Kitenge kilekile cha chungwa. Niliogopa atabadili nia. Jua lilikuwa upande wake wa kushoto. Nikamwambia ageuke kidogo, kidogo tena. Duara likajitokeza pajini, kamili, lenye kivuli chake.

Shemeji akaja mbio, akavua kofia bila kuambiwa. Hakumtania. Akasema taratibu, "Kwa paji hilo nilimtambua toka mbali, siku ya mnada, kabla sijalijua jina." Dada akamfinya. Hapo ndipo nilipobonyeza.

Nimemwonyesha. Kaikuza picha kwa vidole viwili, mwenyewe, hakuna aliyemfundisha. Kaitazama sana.

"Huyu namjua."

Kitenge peke yake nimekiachia rangi, kama kwenye bango la kwanza. Nyuso sijazigusa. Picha ya asili nimeihifadhi mahali pawili. Kesho alfajiri naenda Kibaigwa mwenyewe.

Jumapili, 17 Agosti

Wamebarikiwa. Picha ilitundikwa upande wa kwaya. Dada aliingia kanisani ameshika mkono wa mumewe, na alipofika chini ya picha alisimama kidogo, akaliinua paji lake kama anayejilinganisha nayo.

Jioni wageni wameondoka. Uani maganda ya karanga tu. Dada kaniambia niketi kwenye kigoda. Kaichukua simu, kaishika kwa mikono miwili kama sinia. Akaniamuru nigeuke kidogo. Kidogo tena.

Nimeitazama sasa hivi. Imepinda. Nusu ya sikio langu imekatwa. Alisimama na jua mgongoni, kivuli chake kimeanguka juu ya magoti yangu. Vyote hivyo vinarekebishika, najua kwa vitufe gani.

Nimeiacha ilivyo.