Nafasi Uliyomwachia Shemeji

Papa Apollinaire, mwaka umetimia tangu malaria ikuchukue. Gazeti lako sasa linaendeshwa na binti yako Précieuse, anayegonga mashine ya kuchapa polepole mno. Hata majirani wa hapa Mangobo waliolalamikia kelele zako za kuchapa wanaziulizia.

Ulikuwa mpole, lakini mbishi kupita kiasi. Kila aliyekuandikia ulimjibu, hata waliokutukana. Hao uliwajibu kwa heshima zaidi, huku ukicheka peke yako. Wakubwa walipokutaka unyamaze kuhusu rushwa, uliwaandikia kwamba gazeti ni la wasomaji, wewe unalitunza tu.

Ndipo ikaja barua ya Zaina, muuza samaki. Alisema wanawake wa sokoni wanatozwa ushuru mara mbili, mara ya serikali na mara ya mifuko ya wakubwa. Mkuu wa watoza ushuru hao alikuwa Ezéchiel, kaka yake Mama. Alikuja nyumbani mbio.

“Shemeki, si tuko famille? Ile barua, uitupe tu.”

“Zaina alitia jina yake. Na weye andika barua yako, nitaiweka pembeni ya yake, sawasawa.”

Hakuandika. Ulichapa barua ya Zaina, na pembeni yake ukaacha nafasi tupu: “Inangoja jibu la Ezéchiel.” Wakubwa wakamfukuza kazi yeye, wao wakabaki. Akaacha kukanyaga kwetu, na Mama akanuna, akizibamiza sufuria zake hata tukazionea huruma.

Toleo baada ya toleo uliiacha nafasi ile, hata vita vilipofunga usafiri wa mto na karatasi ikawa inapatikana kwa shida.

“Papa Précieuse, unaacha pale bure?” Mama alikuuliza.

“Haiko bure. Iko ya kaka yako.”

Ulifariki ikiwa bado tupu, na hilo linatuuma sana. Wiki hii Tonton Ezéchiel, mjomba wetu, amekuja. Amekula kwa Mama, kisha ameomba kalamu. Jibu lake tumelichapa palepale ulipomwekea, pembeni ya tangazo hili: “Zaina alisema kweli. Nilikamata ile feza. Munisamehe.”

Tunaokukumbuka: mke wako Kahambu, watoto wako Précieuse na Sadrack, na shemeji yako Ezéchiel, aliyeomba mwenyewe jina lake litiwe hapa.

Hutatutoka moyoni kamwe, Papa.