Baba Mkwe Anakataa Kuwa Shujaa wa Bunduki Yangu

Bi Wilma mpendwa, nasoma safu yako ya ushauri kila wiki, nakuomba unisaidie kabla sijarukwa na akili, na tafadhali usitaje jina langu kamili kwa sababu hapa Harlan Falls hata ukipiga chafya watu wanajua ulikula nini, mimi ni mume wa mtu, kanisani naenda, pombe sinywi, kosa langu ni moja tu, napenda bunduki za zamani, tena si bunduki za ovyo bali zile ambazo askari wetu walirudi nazo kutoka vitani zikiwa na karatasi ya ofisa inayosema fulani bin fulani ameruhusiwa kwenda nayo nyumbani, maana bunduki isiyo na karatasi ni chuma na ubao, lakini ikiwa na karatasi, na mzee mwenyewe bado yu hai, na ameapa kwa maandishi jinsi alivyoipata, hapo Bi Wilma watu wanavua kofia.

Sasa baba mkwe wangu, Mzee Lowell, alipigana Vita Vikuu vya Pili kule Pasifiki, na alirudi na bunduki ya Kijapani ambayo imekaa nyuma ya mashine ya kufulia tangu kabla mke wangu Corrine hajazaliwa, na karatasi yake ipo, jina lake, namba ileile, sahihi ya luteni, kila kitu, na mwaka jana nilipomzibia paa lake akanipa zote mbili kama mtu anayekupa mwavuli wa zamani, nikalia machozi. Kilichokosekana ni kisa tu. Kila Sikukuu ya Shukrani nimekuwa nikimuuliza, Baba, ile bunduki uliipataje, naye hujibu, "Nisogezee viazi," basi kwa kuwa yeye hakusema ikabidi mimi nimsemee, nikaandika kadi nzuri ya kuweka mbele ya bunduki, kwamba aliingia pangoni peke yake akapambana na ofisa wa adui ana kwa ana akamnyang'anya, na wenzangu wa klabu yetu ya bunduki za zamani waliposoma walivua kofia kama wako msibani. Isipokuwa Gus Pavlik, mtu ambaye hajawahi kumfurahia mwenzake, yeye akauliza, "Na ua je?" kwa sababu bunduki zile zilichongwa ua la mfalme wao juu ya chuma, na zile zilizosalimishwa vita vilipokwisha ndizo zilizosagwa ua, na la hii ya mzee limesagwa, nikamwambia mzee alilisaga mwenyewe kwa hasira, akaniangalia sana kisha akaenda zake.

Basi maonyesho yetu makubwa ni Jumamosi ijayo katika ukumbi wa zimamoto, mzee ndiye mgeni wa heshima, atapewa ngao, na mimi nikamwandalia hati ya kiapo ili kazi yake iwe kusaini tu mbele ya wakili. Jumapili baada ya chakula nikampa kalamu. Akavaa miwani, akaisoma yote, akaniuliza, "Huyu aliyeingia pangoni ni nani?"

"Si wewe, Baba?"

"Mimi nilipanga foleni."

"Foleni gani?"

"Foleni, Delmar! Vita vimekwisha, bunduki zimerundikwa ghalani kama kuni, sajini anagawa, kila mtu moja. Nilitaka yenye mkanda wa begani, zikawa zimekwisha. Nikapewa hiyo."

"Kwa hiyo Baba hukupigana?"

"Nilipigana kabla ya hapo. Hayo hujawahi kuniuliza, wewe unauliza bunduki tu." Kisha akaendelea na pai yake ya maboga.

Corrine alicheka mpaka akashika meza, halafu akaacha ghafla, akasema, "Delmar, ukimsainisha baba yangu uongo nahamia kwake, nawe ukalale na hiyo bunduki yako." Na hatanii, sanduku la safari ameshaliteremsha darini. Bi Wilma, kadi imeshasomwa hata na watu wa jimbo la Indiana, nitaweka wapi uso wangu, nawezaje kumshawishi mzee asaini, au akishindikana, akae kimya siku hiyo, hata tukisema koo linamuuma?

Aliyechanganyikiwa


Delmar (umejitaja mwenyewe katikati ya barua, usinilaumu mimi),

Pole sana. Ni mtihani mzito kuwa na baba mkwe mkweli. Wenzako wanapewa wakwe walevi, wewe umepewa anayesoma karatasi kabla ya kuisaini. Nakuonea huruma kweli.

Nimependa sana pango lako. Hukutuambia lilikuwa na giza kiasi gani, na kama mzee aliingia na tochi, lakini mtunzi wa kipaji chako hakosi la kuongeza. Nimependa zaidi alivyotoka humo akatafuta tupa, akakaa kitako katikati ya vita akalisaga ua taratibu, kwa hasira. Mimi sijui bunduki, ninayoijua ni ya maji ya mjukuu wangu, lakini umenifundisha mwenyewe: ua likisagwa, bunduki ilisalimishwa. Umeliandika kwa mkono wako. Kwa hiyo ulijua, Delmar. Tangu siku aliyokukabidhi ulijua haikutoka pangoni. Usije kwangu na kilio cha mtu aliyegundua ukweli Jumapili mezani.

Tena unaniuliza namna ya kumfunga mzee mdomo. Mtu amenyamaza nusu ya umri wake, siku anayofungua mdomo wewe unamtafutia ugonjwa wa koo! Una haya wewe?

Sasa nisikilize, maana mzaha umekwisha. Hiyo foleni unayoionea aibu ndiyo jambo bora lililowahi kuipata nyumba yako. Kijana aliyesimama pale akilalamika kwamba mikanda imekwisha alikuwa kijana mzima, mwenye mikono miwili, anayerudi kwao. Kama angeitafuta bunduki jinsi unavyotaka wewe, huenda yeye ndiye angebaki pangoni na yule ofisa wako wa kubuni, na Corrine asingezaliwa wa kukuteremshia sanduku. Hilo hukuliwaza hata kidogo. Ulitaka kisa kizuri zaidi ya kuwa hai!

Fanya hivi. Hati ya kiapo ichane leo, mbele ya mkeo, usimwachie yeye aione kwenye pipa la taka. Kisha nenda kwa Gus Pavlik, nyumbani kwake, ukamwambie aliuliza swali la maana nawe ukamdanganya. Atacheka. Mwache acheke, ameisubiri siku hiyo kwa uvumilivu. Kadi andika upya, mstari mmoja unatosha: alipewa kwenye foleni, vita vilipokwisha. Wenye akili watavua kofia vilevile, na wasio na akili waache waende Indiana. Kuhusu ngao, mwulize mzee kama anaitaka. Akisema hataki, mgeni wa heshima awe mwingine, nawe usinune.

Lililobaki ndilo kubwa, na ndilo litakalomzuia Corrine asihame, maana sanduku halikuteremshwa kwa ajili ya pango. Liliteremshwa kwa sababu baba yake alisema "hayo hujawahi kuniuliza" na wewe ukaendelea kumshikia kalamu. Nenda kwa mzee bila kalamu, bila kamera, bila bunduki. Mwombe radhi kwa maneno mafupi. Halafu mwulize ni nani kati ya wenzake wa vitani aliyepaswa kuwa naye kwenye foleni ile na hakuwahi kufika.

Kisha nyamaza, hata akichukua muda. Na akikujibu, Delmar, usiandike popote.

Bi Wilma